Binti yangu ameanza tena kukojoa kitandani

Mama wa Kisauni: Asalaam aleikum. Binti yangu ana miaka 6. Aliacha kukojoa kitandani akiwa na 3. Tangu niachane na babake tuko kwa mama, vyumba viwili watu saba, na kila alfajiri shuka chepechepe. Jana nimekuta ameificha leso chini ya godoro. Mjombake humwita kikojozi mbele ya wenzake wa chuoni!

Bibi wa Majengo: Mwanangu, huyo mjomba kwanza afunge mdomo.

Nesi mstaafu, Likoni: Apimwe mkojo na sukari. Mtoto aliyekaa mkavu miezi 6 au zaidi kisha akarudia, huenda ni ugonjwa, hata kufunga choo, au moyo umeshtuka. Usimchape. Babake anamwona?

Mama wa Kisauni: Hupiga simu Ijumaa tu. Usiku huo ndio hulowa zaidi.

Nesi mstaafu, Likoni: Mwambie wazi kuwa si kosa lake. Wa umri huo hudhani wao ndio waliovunja nyumba.

Mama wa Kisauni: Nimemwambia leo tukimenya viazi. Akanyamaza, halafu: “Si kwa sababu nilimwagia simu ya baba uji?”