WordPress kwenye seva ya shule: umeme umerudi, tovuti imepotea

MwalimuWaZamu:

Wakuu, habari za jioni. Mimi ni mwalimu wa hesabu huku Njombe. Niliwahi kutoa karatasi iliyokwama kwenye printa ya ofisi, na tangu hapo shule nzima inaniita mtu wa kompyuta.

Tuna desktop ya zamani ya RAM 4GB. Nimeipakia Ubuntu Server 24.04, Nginx (inayohudumia kurasa), PHP 8.3 (lugha inayoendesha WordPress), MariaDB (databesi) na WordPress yenyewe, programu ya kujengea tovuti. Nia yangu: mitihani ya nyuma ya NECTA na noti zikae humo, wanafunzi wazisome kwenye chumba cha kompyuta bila kula bando la shule, na wazazi waone matangazo wakiwa makwao.

Ilikaa vizuri hadi umeme ulipokatika. Uliporudi, seva ikawaka ikiwa na anwani 192.168.1.12 badala ya 192.168.1.7 ya mwanzo. Nikiandika anwani mpya kwenye brauza, inanisukuma yenyewe kwenye ile ya zamani, ambako hakuna kitu. Ukurasa wa wp-login.php unafunguka lakini hauna rangi wala mpangilio, na nikibonyeza kuingia napotelea kulekule.

Mengine yalikuwepo hata kabla ya umeme. PDF ya 9MB inakataa kupanda, na error.log ya Nginx inasema "client intended to send too large body", ingawa nimeweka upload_max_filesize 64M kwenye php.ini. Nikitaka kuongeza plagini naulizwa taarifa za FTP (njia ya kuhamishia mafaili), wakati folda zote nimezipa ruhusa ya 777 kama video moja ilivyoelekeza. Na nimefungua poti 80 kwenye ruta, lakini mtu wa nje haoni chochote. Ruta ni ya laini ya 4G na inaonyesha WAN IP (anwani yake ya upande wa nje) inayoanza na 100.81.

Nianze upya?

KarakanaYaNyuma:

Mwalimu, pole na umeme. Usianze upya. WordPress yako ni nzima, na ukiirudia utakutana na hayohayo.

Ulipofanya usanikishaji ulifungua ukurasa kwa 192.168.1.7, basi WordPress ikaiandika anwani hiyo kwenye databesi, jedwali la wp_options, mistari ya siteurl na home. Ruta ilipowaka iligawa anwani upya, databesi haina habari. Kila anayekuja kwa anwani nyingine anarudishwa kwenye ile inayoijua. Ili uingie usiku huu, fungua wp-config.php na juu ya mstari wa "stop editing" weka:

define('WP_HOME', 'http://192.168.1.12');
define('WP_SITEURL', 'http://192.168.1.12');

Hiyo ni ya kufungulia mlango tu. Picha na viungo vilivyo ndani ya kurasa zako bado vina anwani ya zamani. Kuna watu watakwambia ukimbize REPLACE ya SQL kwenye phpMyAdmin, yaani ubadilishe maneno moja kwa moja ndani ya databesi. Kataa. Mipangilio mingi ya themu na wijeti inahifadhiwa pamoja na idadi ya herufi zake: 192.168.1.7 ni herufi 11, 192.168.1.12 ni 12. Wewe ni mtu wa hesabu, unaona inakoelekea. Idadi isipolingana, PHP inashindwa kuusoma mpangilio wote na wijeti zinatoweka bila hata kuaga. WP-CLI, zana ya kuamuru WordPress kwa maandishi, inahesabu upya yenyewe:

wp search-replace 'http://192.168.1.7' 'https://jina-la-shule.sc.tz' --skip-columns=guid

Umeona nimeweka jina, sijaweka anwani. Kama mna mpango wa domeni (jina la tovuti), isubirini kwanza, kisha ubadilishe mara moja tu na hizo define uzielekeze kwenye jina hilohilo. Shule zina .sc.tz yake, inapatikana kwa mawakala wanaosajili domeni za .tz. Wakati huo ingia kwenye ruta, sehemu ya DHCP (inayogawa anwani), uifungie MAC ya seva (namba ya kadi yake ya mtandao) anwani moja ili umeme ukirudi isihame tena.

PDF: ombi linapita Nginx kabla ya kufika PHP, na Nginx bila kuambiwa chochote inaruhusu 1MB tu. Weka client_max_body_size 64m. Ndani ya mabano ya server kwenye faili la mipangilio la Nginx. Halafu angalia ulihariri php.ini ipi. Ubuntu inazo mbili, /etc/php/8.3/cli na /etc/php/8.3/fpm, na tovuti inasoma ya fpm. Humohumo pandisha na post_max_size, maana bila kuguswa ni 8M na PDF yako ni 9. Kisha:

sudo systemctl reload nginx
sudo systemctl restart php8.3-fpm

Sasa hiyo 777, naomba uiondoe leo. Inampa kila programu iliyomo kwenye mashine uwezo wa kuandika popote, na juu ya hatari hiyo haikusaidii. WordPress inaunda faili dogo la majaribio, inaangalia mwenye faili hilo ni nani, inalinganisha na mwenye mafaili yake. Wakitofautiana, inaomba FTP. Mafaili yako bila shaka ni ya root au ya jina lako, na PHP inaendeshwa na mtumiaji aitwaye www-data.

sudo chown -R www-data:www-data /var/www/shule
sudo find /var/www/shule -type d -exec chmod 755 {} \;
sudo find /var/www/shule -type f -exec chmod 644 {} \;
sudo chmod 640 /var/www/shule/wp-config.php

Na 100.81 usihangaike nayo. Kuanzia 100.64.0.0 hadi 100.127.255.255 ni anwani za ndani za kampuni za simu, wateja wengi nyuma ya anwani moja ya nje. Ufungue poti ngapi sijui, mgeni hafiki kwenye ruta yako. Muunganisho inabidi uanzie kwako kwenda nje. Cloudflare Tunnel, njia ya kupitisha wageni kwenye mtandao wa kampuni ya Cloudflare, inafanya hivyo kwa programu ya cloudflared, haina malipo, ila domeni iwe imehamishiwa DNS zao (mfumo wa kutafsiri majina kuwa anwani). Ile poti 80 ya kwenye ruta ifunge.

KijanaWaSinza:

Mwalimu nisamehe, lakini mbona unajitafutia kazi? Kodi nafasi kwenye seva za watu, WordPress inajipakia kwa kubonyeza kitufe, umeme wa Njombe haukuhusu tena. Siku ukihamishwa kituo, hiyo desktop nani ataigusa?

MwalimuWaZamu:

Kijana, la uhamisho umenigusa kweli, nitaliandikia daftari. Lakini PDF zikikaa nje, mkondo mmoja ukifungua karatasi moja ya fizikia kwa pamoja, bando la wiki limekwisha. Hilo ndilo linalonifanya nikomae na desktop.

ZaiWaMtandao:

Basi mwalimu, hapo kuna mtego ambao Karakana hajaugusa. Ukiweka Tunnel, mwanafunzi aliye chumba cha pili atakapoandika jina la shule, ombi lake litatoka kwa 4G, litaenda Cloudflare, litarudi kwa 4G hiyohiyo hadi kwenye seva iliyo mita chache kutoka alipo. PDF moja mtaikata kwenye bando mara mbili.

Dawa ni jina moja liwe na majibu mawili. Weka dnsmasq, programu ndogo ya DNS, kwenye seva na mstari huu:

address=/jina-la-shule.sc.tz/192.168.1.12

Kisha ruta, kwenye DHCP, iwaambie watumiaji wote kwamba DNS ni 192.168.1.12. Ubuntu ina systemd-resolved iliyokalia poti 53, kwa hiyo weka DNSStubListener=no kwenye /etc/systemd/resolved.conf, la sivyo dnsmasq itagoma kuwaka. Brauza zenye DNS salama iliyowashwa zitakuruka, zizime kwenye mashine za wanafunzi.

Kwa kuwa anwani ni ya https, Nginx ya ndani nayo inahitaji cheti halali cha usalama. Let's Encrypt wanatoa bila poti yoyote kufunguliwa, kwa njia ya DNS. Pakia python3-certbot-dns-cloudflare, tumia certbot certonly. Kinadumu siku 90 na kinajihuisha chenyewe, mradi seva iwe na intaneti wakati huo.

MwalimuWaZamu:

Nimerudi wakuu. Domeni imetoka, nimefuata yote. PDF zinapanda, plagini hazidai FTP tena, na kwenye chumba cha kompyuta faili la 9MB linafunguka papo hapo huku bando limetulia. Zai, mwalimu wa fizikia anakusalimu.

Yamebaki mawili. Nikiwa nje, ukurasa wa mbele unafunguka ila wp-admin inasema too many redirects. La pili limeninyima usingizi: access.log imejaa watu wanaojaribu kuingia kupitia wp-login.php na xmlrpc.php, na wote wanatoka 127.0.0.1. Ina maana mtu yuko ndani ya seva?

KarakanaYaNyuma:

Lala, mwalimu. cloudflared inaishi kwenye seva hiyohiyo na ndiyo inayogonga Nginx, ndiyo maana kila mgeni wa nje anaonekana 127.0.0.1. Anwani yake halisi inakuja kwenye kichwa cha ombi. Weka kwenye Nginx:

set_real_ip_from 127.0.0.1;
real_ip_header CF-Connecting-IP;

Hao wanaojaribu ni roboti, kila WordPress iliyo hadharani inao. Kama hutumii app ya simu, xmlrpc.php ifunge kabisa kwa deny all, na neno la siri la admin liwe refu kuliko uvumilivu wao.

Redirects: Tunnel inaleta ombi kwa http ya kawaida, WordPress inadai https, wanarushiana. Juu kabisa kwenye wp-config.php, chini ya <?php:

if (($_SERVER['HTTP_X_FORWARDED_PROTO'] ?? '') === 'https') $_SERVER['HTTPS'] = 'on';

Ukimaliza, ingia BIOS (mipangilio ya mashine kabla ya Ubuntu kuwaka) uiambie mashine iwake yenyewe umeme ukirudi, na kila Ijumaa toa mysqldump --single-transaction pamoja na folda ya wp-content na wp-config.php, uviweke kwenye diski inayokaa ofisi nyingine. Hilo nalo liingie kwenye daftari la atakayekupokea.