Vishimo vya leza kwenye washa: msuguano umepanda badala ya kushuka

mchongaji_vyuma
Habari wakuu. Nina washa bapa za chuma kigumu, kipenyo cha nje mm 60, zinazobeba msukumo wa shafti dhidi ya bushi ya shaba nyeusi. Oili ni ISO VG 46 (namba ya uzito wa oili). Nimechoma vishimo kwa leza ya faiba ya wati 20, ile ya kuandikia maandishi kwenye chuma: kipenyo mikroni 100, kina 40, na kutoka katikati ya kishimo hadi katikati ya jirani yake mikroni 150, uso mzima. Sasa bushi inakwaruzika na oili inatoka na vumbi la rangi ya dhahabu. Kosa liko wapi?

oili_na_shafti
Mkuu, anza na midomo ya vishimo. Leza kama yako, yenye mapigo ya nanosekunde (sehemu za bilioni za sekunde), huyeyusha chuma, na kile kilichoyeyuka husukumwa juu kikagandia pembeni, kikazunguka mdomo kama pete. Pete hiyo huwa na kimo cha mikroni kadhaa, na utando wa oili chini ya mzigo mara nyingi ni mwembamba kuliko hapo. Umetengeneza tupa, na vumbi hilo ndiyo bushi yako inayoliwa.

Saga uso baada ya kuchoma: msasa wa maji namba 2000 juu ya kioo kinene kilicho bapa, mwendo wa namba nane, mpaka ukucha usikwame popote. Usitumie pesti ya kusagia valvu, maana chenga zake hujificha vishimoni kisha hutoka taratibu kazini na kuzama kwenye shaba. Ukimaliza, osha kwa altrasoniki, yaani beseni la mawimbi ya sauti. Kitambaa hakifiki chini ya kishimo.

msuguano_mdogo
Naunga mkono, ila hata ukisaga, vipimo vyenyewe havitakubeba. Kishimo chenye kina kidogo hufanya kazi kama kabari: oili ikiingia, presha hushuka kidogo kisha hukomea hapo kwa sababu viputo hujitokeza, ikitoka upande wa pili, presha hupanda juu zaidi ya ilivyoshuka. Tofauti hiyo ndiyo inayoinua uso. Kwa kina cha 40 oili inazunguka tu mle ndani bila kujenga presha.

Lenga kina cha mikroni 5 hadi 10 kwa kipenyo hicho hicho. Eneo nalo umelijaza mno: kwa nafasi ya 150, vishimo vimekula karibu 35% ya uso. Weka 250, upate kama 12.6%. Mtafiti Izhak Etsion na wenzake wa chuo kikuu cha Technion, Haifa, Israeli, walitumia vishimo vya ukubwa wa namna hii kwenye sili za mashine. Punguza nguvu ya leza na urudie mara nyingi kwa wepesi. Pigo moja zito ndilo linaloinua kingo.

Gia, kemu na beringi za mipira usiziguse kwa vishimo hivi. Mgusano wake ni mwembamba sana, kishimo kinaweza kunyang'anya utando wote na kuwa chanzo cha ufa.

mchongaji_vyuma
Asanteni sana. Kina cha mikroni 7 nitakipimaje bila mashine ya kupimia ukwaruzo?

oili_na_shafti
Tumia hadubini yenye taa ya juu, ile ya kukagulia metali, lenzi yenye kina kifupi cha fokasi, 40x au zaidi. Weka fokasi usoni, soma kirungu cha fokasi laini, kisha shusha mpaka chini ya kishimo kuonekane wazi. Nyingi zina alama za mikroni 1 au 2. Pima vishimo vitano sehemu tofauti, kwa sababu washa ikikaa mshazari chini ya leza, upande mmoja hutoka na kina kidogo.

Na ukijaribu, linganisha na washa isiyo na vishimo iliyosagwa kwa msasa huo huo, mzigo, mizunguko na joto la oili vikiwa sawa. Bila hivyo utaisifia leza kwa kazi iliyofanywa na msasa.