Faini wametozwa wenye makao ya wazee, aliyeilipa ni mama yangu

Wakuu, naandika nikiwa na hasira, kwa hiyo nikiparura mahali mtanivumilia.

Mama yangu amekaa miezi kumi na moja kwenye makao ya wazee ya kulipia, na hela yenyewe si ndogo. Jumapili moja nikafika saa tisa alasiri bila kutoa taarifa, nikasimama mlangoni kusoma ile karatasi ya kumgeuza. Kwa wasioijua: mzee asiyeweza kujigeuza kitandani hubadilishwa ubavu kila baada ya saa mbili hivi, na aliyemgeuza anaandika muda na kutia sahihi. Saa tisa ile, karatasi ilishatiwa sahihi mpaka ya saa tatu usiku! Kalamu moja, mwandiko mmoja. Nikafunua shuka. Kidonda cha kulalia kwenye nyonga, kirefu cha kuingia kidole, na harufu yake sitaisimulia hapa. Kamba ya kengele ilikuwa imezungushwa kwenye kitasa cha dirisha, mkono wake haufiki.

Nikamvaa mhudumu. Akanijibu taratibu, "Kaka, tuko wawili kwa wazee thelathini na mmoja. Ungekuwa wewe ungeanza na nani?" Nikakosa la kusema. Mpaka leo yule dada simlaumu sana, aliyepanga zamu ya watu wawili ndiye ninayemtaka.

Nikapeleka malalamiko kwenye mamlaka husika, na kweli wakaguzi wakaja. Ila walitanguliza barua. Wiki hiyo mngeona! Shuka mpya, maua mezani, wahudumu wameazimwa kutoka tawi lao jingine, hawajui hata majina ya wazee wanaowalisha. Mama akaninong'oneza, "Mwanangu, leo hapa kuna harusi?"

Pamoja na mapambo yote hayo, makosa yalionekana. Wakapigwa faini. Nikapiga hesabu: ile faini ni sawa na ada ya wazee watatu kwa mwezi mmoja, mara moja, basi. Kuajiri mhudumu mmoja zaidi kwa mwaka kungewagharimu kuliko hiyo. Sasa mfanyabiashara gani atahangaika kurekebisha? Mwezi uliofuata tukaletewa tangazo kwamba nepi ni tatu kwa siku, anayehitaji ya nne familia imnunulie. Mnaona faini ilikokwenda kutolewa?

Na msiniambie haiwezekani kufanya vingine. Marekani, tangu sheria yao ya mwaka 1987, mkaguzi anaingia bila taarifa na haipaswi kupita miezi 15 kabla hajarudi. Faini inaweza kuhesabiwa kwa siku, inapanda mpaka kosa lirekebishwe, na makao yanaweza kukatiwa malipo ya serikali kwa kila mzee mpya. Huko nako uozo upo, sikatai, lakini angalau mwenye nyumba hajui hodi itapigwa lini. Uingereza tangu 2015 makao yanalazimika kubandika daraja lao la ukaguzi mahali wageni wanapoliona. Australia tume yao ya uchunguzi wa huduma za wazee ilimaliza kazi 2021, na baadaye wakaweka kiwango cha dakika: tangu Oktoba 2024, wastani wa dakika 215 za huduma kwa kila mzee kwa siku, 44 kati ya hizo za muuguzi aliyesajiliwa. Dakika zinahesabika. "Huduma bora" ya kwenye kipeperushi nani ataipima?

Najua atatokea mtu wa kusema wafungiwe tu. Mkuu, ukifunga leo, wale wazee thelathini na mmoja wanalala wapi? Mzee mwenye ugonjwa wa kusahau ukimhamisha ghafla unaweza kumvuruga kabisa, na wenye makao wanalijua hilo, ndiyo ngao yao. Kila wakibanwa wanawasukuma wazee mbele. Mimi ningeanza na kuwazuia kupokea mzee mpya hata mmoja, halafu aletwe msimamizi wa muda anayelipwa kutoka mfukoni mwa mmiliki. Na faini iandikwe kwa majina ya wakurugenzi, iwe marufuku kuihamishia kwenye ada au nepi. Aliyetia sahihi za uongo naye ahojiwe, lakini asiwe yeye peke yake kila mara, maana hapo ndipo kesi hizi huwa zinafia: anafukuzwa mhudumu wa mshahara mdogo, bosi anabadilisha jina la kituo.

Mama nimemtoa. Kidonda kinasafishwa kila siku, na kila kikiguswa ananishika mkono kwa nguvu ambazo sikujua bado anazo. Ile karatasi nimeipiga picha. Wenye wazazi kwenye makao, mkienda kuwaona someni ya mlangoni, kisha mtazame saa zenu. Mkute imefika saa ngapi, mrudi hapa mniambie.