Feijoada ya watu 20: chungu kimoja au viwili?

Binti_Tanga
Habari zenu. Niko São Paulo, Jumamosi mchana nina wageni 20, wa nyumbani na Wabrazili. Wote wanataka feijoada, ule mchuzi mzito wa Brazil wa maharage na nyama, ila nusu yao hawagusi kitimoto. Nina sufuria mbili kubwa na presha kuka ya lita 4.5. Nipike ya ng'ombe tupu, au vyungu viwili? Na maharage: meusi au ya kahawia?

Shemeji_wa_Rio
Meusi! Ya kahawia waachie Bahia. Si mabaya, lakini mchuzi hautoki na ule weusi mzito. Kilo 2 kavu zinatosha, wali na farofa (unga wa muhogo wa kukaanga) vitajaza sahani. Pika chungu kimoja, nyama uzipakue bakuli mbalimbali kila mtu achague. Migahawa mingi huku inafanya hivyo.

Mama_Saumu
Shemeji, usimpotoshe mtoto wa watu. Bakuli mbalimbali zitasaidia nini, na masikio na mkia wa nguruwe vimechemkia mchuzi uleule? Mwanangu, pika ya ng'ombe. Carne seca, ile nyama ya kukaushwa kwa chumvi, ni ng'ombe tayari. Ule mnato wa miguu ya nguruwe utaupata kwenye kongoro. Soseji ulizia bucha ya halali, maana hata ikiwa ya ng'ombe, ngozi yake inaweza kuwa utumbo wa nguruwe.

Otis254
Ya ng'ombe ni tamu, lakini Wabrazili watatafuta mbavu za nguruwe na paio, ile soseji yake. Mimi ningechemsha maharagwe yote pamoja bila nyama, kisha nigawe sufuria mbili. Ladha itapungua kidogo, kwa sababu maharagwe hunoga yakiiva na nyama, lakini hakuna atakayelala njaa. Presha kuka iwe ya kongoro. Maharagwe hayafai kuzidi nusu yake, povu huziba tundu la mvuke.

Nyama za chumvi ziloweke tangu Ijumaa, ubadilishe maji mara kadhaa. Chumvi usitie mpaka uonje mwishoni. Soseji ziingie nusu saa ya mwisho. Mchuzi ukiwa mwepesi, ponda upawa wa maharagwe kwenye kitunguu saumu cha kukaanga, urudishe.

Mla_Muhogo
Mmesahau farofa! Usitumie unga laini kama wetu wa ugali, utapata vumbi. Nunua ule wa chengachenga, ukaange kwa siagi na kitunguu. Sukuma ikatwe nyembamba kama nyuzi, ipite kwenye mafuta na kitunguu saumu dakika moja tu. Machungwa ya vipande lazima, yanakata mafuta. Kachumbari wanayo yao, inaitwa vinagrete, hutaona tofauti kubwa.

Binti_Tanga
Shikamoo Mama Saumu, asanteni wote. Nafuata ya Otis, sufuria mbili, kila moja na upawa wake. Kongoro nalibandika saa ngapi, wageni wakija saa saba?

Mama_Saumu
Marahaba. Lichemshe Ijumaa usiku. Asubuhi utakuwa na kazi ya sukuma.