Ushauri: Nimefunga bawa la nyuma, sasa pua ya gari inakataa kona

KonaKali: Wakuu, heshima kwenu. Gari yangu ya kukimbizia sakiti nimeifunga bawa kubwa nyuma. Kona za taratibu haina neno. Kona ndefu za mwendo mkali usukani unakuwa mwepesi, nakata, gari inanyoosha tu. Niongeze nyuzi za bawa, yaani mwinamo wake, au nibadili tairi? Jumamosi naingia tena, usingizi sipati.

MzeeWaGia: Tairi. Vijana mnahangaika na upepo wakati presha hampimi. Mimi yangu ilinisumbua msimu mzima, kumbe tairi moja lilikuwa linapumua.

Tufani: Bawa lenyewe urembo. Mwendo ukiwa mara mbili, daunifosi, ule mkandamizo wa hewa unaoisukuma gari chini, inakuwa mara nne. Ukitembea polepole umebeba mzigo tu.

ShabikiLotus: Mmenikumbusha Formula 1 ya 1969, sakiti ya Montjuïc, Hispania. Mabawa marefu ya Lotus za Graham Hill na Jochen Rindt yalivunjika yote mawili, na kwenye mashindano yaliyofuata, Monaco, mabawa hayo yakapigwa marufuku. Baadaye Lotus wakahamishia ujanja chini ya sakafu ya gari, dereva wao Mario Andretti akabeba ubingwa wa 1978. Lako limeshikwa na nini mkuu?

KonaKali: Skrubu nne kwenye buti, liko imara. Turudi kwenye swali.

SakafuBapa: Mbele umefunga nini?

KonaKali: Gari iko vizuri kabisa, tatizo ni kona tu.

SakafuBapa: Mbele, mkuu. Na inavuta wapi?

KonaKali: Mbele sijaweka kitu, splita, yale mabamba ya chini ya bampa, zinakwangua. Inavuta mbele. Sioni vinavyohusiana.

SakafuBapa: Ndiyo ugonjwa wenyewe huo. Bawa lako liko nyuma ya ekseli ya nyuma. Likikandamiza mkia, pua inanyanyuka kama bembea ya ubao. Tairi za mbele, ambazo ndizo zinavuta na ndizo zinakata, zinapoteza uzito. Kona za taratibu bawa halijaanza kazi, ndiyo maana huoni kitu. Punguza nyuzi, kisha weka splita iliyoshikiliwa kwenye fremu, siyo kwenye bampa la plastiki.

KonaKali: Asante, ila bawa kubwa zaidi nimeshaliagiza. Fundi anasema nyuma ikitulia mbele itafuata. Na nyuzi nimeshazichezea, napandisha nashusha mzunguko hadi mzunguko bila kuingia piti kwa mafundi, hakuna kitu.

Tufani: Ukizidisha nyuzi hewa inaachia chini ya bawa. Daunifosi inashuka, ukinzani unabaki.

MamaBreki: Pesa ya mabawa ipo, ya mwalimu wa udereva haipo. Haya.

Mpenyo: Ngojeni. Bawa la skrubu nne kwenye buti, anabadili nyuzi huku anaendesha? Spana anashika kwa mguu? Hii chai. Huyu kakaa kwenye kiti chake anabonyeza gemu.

KonaKali: Kuna mota.

Mpenyo: Mota imeota saa hizi?

MzeeWaGia: Nimepoteza muda wangu kueleza presha.

SakafuBapa: Hata kama ni simuleta, ikiwa imetengenezwa vizuri, jibu ni lilelile.

KonaKali: Kwa hiyo lile kubwa nilirudishe au nilifunge tu nione?

Tufani: Samahani nidandie. Yangu ina splita, nyuma haina bawa, mkia unacheza kwenye kona za mwendo mkali. Ni hilohilo kinyume?

SakafuBapa: Ndilo. Fungua uzi wako, na picha uweke.