Nataka nimwage oili ya IST mwenyewe nyumbani, nianzie wapi? (nipo Tabora)

Kijana wa Cheyo
Mwangaluka wakuu. Natumia IST injini ya 2NZ, nimeamua kuanzia sasa kumwaga oili nafanya mwenyewe home. Sababu ni hii, mara ya mwisho nilinunua oili na filta mpya mwenyewe nikampelekea fundi, ila usiku wa kuamkia siku hiyo nilichukua rangi ya kucha ya mama watoto nikaweka kidoti chekundu kwenye filta ya zamani maana nilishaanza kumhisi. Nikaenda zangu kunywa chai, narudi naambiwa tayari kiongozi. Nafika nyumbani nachungulia na tochi, kidoti kile pale kinaniangalia, filta imefutwa na tambara tu inang'aa kama mpya! Nilivyorudi kumuuliza akasema labda hiyo mpya ilikuja na kidoti. Sikugombana.

Sasa wenye uzoefu, inaingia lita ngapi? Muuza spea ananiambia kwa joto la Tabora niweke oili nzito, ile ya 20W-50, sawa? Vifaa nina jeki iliyokuja na gari na spana za kuungaunga, na uwanja wangu ni mchanga mtupu chini ya mwembe. Halafu ile oili chafu mnapeleka wapi?

Mzee wa Vitz
Unajitesa bure mkuu. Siku nyingine chukua kigoda ukae hapo hapo anapofanyia. Chai ndo imekuponza.

Kijana wa Cheyo
😂😂 Nimekubali mkuu, ila ndo nshaudhika, nataka nijue mwenyewe.

Mtani Isevya
Mdogo wangu kazi yenyewe ni nyepesi, kinachoua watu ni jeki. Hiyo jeki ya gari ni ya kubadilishia tairi tu, usije ukaingiza hata kichwa chini ya gari iliyobebwa na jeki peke yake, na kwenye mchanga ndo kabisa, inazama upande mmoja huku unaiona. Mimi mwenyewe ilinizamia mwaka juzi chini ya mwembe kama wako, bahati nilikuwa bado nafuata tambara ndani. Na tofali usiweke, tofali la kuchoma linapasuka bila kukuaga. Tafuta mtu mwenye sakafu ya simenti uazime na stendi mbili za chuma, au nenda kwenye gereji yenye shimo muombe shimo lao nusu saa, ukiwapa cha soda hawakatai. Handbreki juu, gia kwenye P, mawe nyuma ya tairi za nyuma, ukishaweka stendi itikise gari kwa nguvu kabla hujalala chini.

Washa injini dakika tano hivi oili ipate uvuguvugu itoke vizuri, isiwe ya moto maana itakuunguza mkono. Fungua kifuniko cha juu cha kujazia. Nati ya sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, ni spana namba 14, tumia ringi usitumie ya mdomo wazi utakula kona zake. Ikishalegea malizia na vidole huku unaisukumia juu, halafu uitoe kwa haraka, na beseni liweke mbele kidogo ya unapodhani itadondokea, ile oili ya kwanza hairuki chini inaruka pembeni, nguo ya kazini usivae.

Ikishakuwa matone tu rudisha nati ukiwa umeivalisha washa mpya, ile pete bapa. Kaza ya kukaza, sio ya hasira, uzi ukifa pale ndo utamrudia yule yule fundi wako wa kidoti.

Filta sasa. Ikigoma kwa mkono zungushia msasa upate mshiko, mambo ya kuitoboa na bisibisi acha, inachanika unabaki na kipande. Na HILI NDO LA MUHIMU: ukiitoa angalia mpira wake umetoka nayo. Mara nyingine mpira unabaki umeng'ang'ania kwenye injini, ukifunga filta mpya juu yake inakuwa mipira miwili, ukiwasha oili yote inamwagika chini ndani ya muda mfupi na injini ndo kwaheri. Mpira wa filta mpya upake oili mpya kwa kidole, funga kwa mkono mpaka mpira uguse kisha ongeza robo tatu ya mzunguko, basi, hakuna spana hapo.

Ukibadilisha na filta inakula lita 3.7, kwaiyo dumu la lita 4 linatosha na chenji inabaki. Anza na tatu na nusu. Washa, taa nyekundu ya oili izime ndani ya sekunde chache, isipozima zima gari. Chungulia uvujaji. Kisha shusha gari kwenye usawa, subiri dakika tano ndo upime na kijiti cha oili.

Mama Ujiji
Nachangia kutoka mwisho wa reli huku Kigoma, natumia Raumu nafanya mwenyewe huu mwaka wa tatu. Hiyo ya 20W-50 mdogo wangu achana nayo. Watu wanadhani namba kubwa ndo ya joto. Hiyo kabla ya W inasema ikiwa baridi, yaani asubuhi unapowasha, na ya mwisho ndo inasema ikishachemka. Injini yako ni VVT-i, yaani ule mfumo wa kubadilisha muda wa valvu kufunguka, na unasukumwa na oili hiyo hiyo kupitia vitundu vidogo sana, oili nzito inachelewa kufika. Kitabu cha gari kinataka 5W-30 au 10W-30 na Tabora haijawahi kuwa na joto la kukibishia kitabu. Na angalia sili ya dumu kabla hujalipa, ikiwa imechezewa rudisha.

Mzee wa Vitz
Dada mbona ya kwangu nimeweka 20W-50 miaka yote na inatembea?

Mama Ujiji
Inatembea kaka, sijasema inasimama. Kama injini imechoka na inakula oili watu huwa wanaweka nzito kuipunguzia ulaji, ila hapo unamfunika mgonjwa shuka. Ya huyu kijana ni nzima.

Oili chafu usimwage uwanjani, hasa kama mna kisima. Huku kwetu ni mteremko, mvua ikinyesha kila kitu kinaishia ziwa Tanganyika, na ziwa lenyewe linatolea maji mto mmoja tu, Lukuga, upande wa Kongo, kwaiyo tunachokitupia tunakaa nacho. Itie kwenye dumu tupu uwaulize gereji, wengi wana pipa la kukusanyia. Na vaa glavu, oili iliyotumika sio nzuri kwa ngozi.

Kijana wa Cheyo
Mrejesho wakuu. Leo nimefanya, nimeazima shimo kama alivyosema bro wa Isevya. Nati ilitoka fresh, beseni nimeliweka mbele na bado oili imenipiga kwenye kiwiko. Filta ya kidoti ndo imenitesa, msasa umesaidia. Sasa sikieni, nimeishusha naiangalia, mpira haupo! Naweka tochi juu nauona kule umejibandika kwenye injini kama pete, mweusi juu ya weusi, nisingeambiwa nisingeuona kamwe. Nimeubandua na kucha.

Nimeweka 10W-30, taa imezima ndani ya kama sekunde mbili, hakuna tone chini. Kijiti kinasoma kati ya vidoti viwili, karibu na cha juu. Oili chafu jamaa wa shimo amebaki nayo anasema kuna mtu anakuja kuchukua kupaka nguzo za banda, mchwa.

Mtani Isevya
Safi. Kesho asubuhi kabla hujawasha pima tena na uangalie chini ya gari. Kilomita andika kwenye plasta ubandike ndani ya boneti.

Mzee wa Vitz
Filta mpya umeweka kidoti?

Kijana wa Cheyo
Nimeweka mkuu. Cha bluu.