Naomba ushauri: shingo na mabega yanakaza nikishona

Habari zenu ndugu. Mimi ni fundi cherehani hapa Kibuye, Kisumu. Kutwa nzima nimeinamia kitambaa, na ikifika jioni hata kugeuza shingo nivuke barabara ni shida.

Nimesoma habari za Frederick Matthias Alexander, mwigizaji wa Australia aliyezaliwa 1869. Sauti ilikuwa ikimkauka jukwaani. Alipojitazama kwenye vioo akaona anavuta kichwa nyuma na kukandamiza shingo. Nami juzi nilijikuta nimepandisha mabega karibu yaguse masikio, kisa kutunga uzi kwenye sindano tu! Nikiyashusha, muda si muda yamerudi.

Kiti nimeshakiinua, wapi. Aliyefaulu kuacha tabia hii huku akiendelea na kazi, alianzaje? Dawa za maumivu sitaki kuzizoea.